Kibati Namba Ishirini na Saba

Maiti ilikuwa imelala vizuri mno. Hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu mwanzo.

Alisimama kwenye jukwaa la chuma, mkono mmoja umeshika goti lake la kulia, lile bovu, akatazama chini shimoni. Enzi za uhai wa kiwanda, chuma kilichoyeyuka kilikuwa kikimiminwa humo ndani ya kalibu. Sasa mlikuwa na vumbi, kutu, dimbwi la maji machafu pembeni, na mwanamume wa miaka thelathini hivi aliyevaa jaketi la mifuko mingi. Miguu imenyooshwa. Mikono iko kifuani. Macho yamefumbwa. Chini ya kichwa palikuwa na gunia lililokunjwa mara nne likawa kama mto.

"Ameanguka, afande," alisema Sajenti, mtu mnene aliyebakiza miezi mitano kustaafu na asiyependa kesi zinazochelewesha chai. "Mpigapicha huyu. Alikuwa anarudi nyuma apate picha nzuri, akasahau pana shimo. Mita sita hizo."

"Na alipofika chini akakunja gunia, akajitengenezea mto, akafumba macho?"

Sajenti akafungua daftari lake.

Kamera ilikuwa bado juu ya jukwaa, imesimama kwenye miguu yake mitatu, haijaguswa. Inspekta aliagiza ichukuliwe kwa uangalifu, kisha akaanza kushuka ngazi, kidato kimoja kimoja, akililaani goti lake kimoyomoyo.

Chini ya ngazi, ukutani, palikuwa na ubao mpana uliopigiliwa misumari arobaini kwa safu. Chini ya kila msumari palikuwa na namba iliyopakwa rangi. Misumari yote ilikuwa mitupu, imefungwa kwa utando wa buibui. Yote isipokuwa mmoja. Kwenye namba ishirini na saba palining'inia kibati cha shaba, cha mviringo, kipana kama mfuniko wa chupa. Kiling'aa. Inspekta alipitisha kidole chenye glovu juu yake. Hakikuwa na vumbi hata chembe.

"Kipige picha," alimwambia Sajenti. "Kisha ukitie kwenye mfuko wa ushahidi. Lakini mtoeni kwanza huyu ndugu."

Walimtoa saa tatu asubuhi.

*

Aliyeikuta maiti alikuwa mlinzi wa lango. Watu wa mtaa walimwita Mzee Tanuri, na jina lilimkaa, kwani uso wake ulikuwa na madoa ya moto wa miaka mingi. Aliwapokea kwenye kibanda chake, akawapa viti viwili alivyokuwa navyo, yeye akabaki amesimama. Ukutani palikuwa na picha moja tu ndani ya fremu: yeye mwenyewe, amesimama mbele ya lango, anacheka.

"Picha nzuri," Inspekta alisema.

"Alinipiga yeye. Marehemu. Aliniletea wiki iliyopita, na fremu yake. Alikuwa mtu mwenye adabu."

"Ulimruhusu kuingia mara ngapi?"

"Mara tatu. Jana ilikuwa ya nne."

"Aliingia saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Jioni sikumwona, nikadhani amepitia nyuma. Leo asubuhi nimezunguka, nikamwona nikiwa juu, kwenye jukwaa."

"Ulishuka?"

"Sikushuka."

"Hukutaka kujua kama yu hai?"

"Mtu aliyekufa anajulikana, mwanangu. Miaka kumi na minne sijatia mguu kwenye shimo lile."

Ni kwa sababu ya umri wake alimwita mwanangu, na Inspekta hakuona ubaya. Alitazama rundo la funguo kwenye mshipi wa mzee. Funguo tisa, na pembeni kipete kidogo cha waya kilichopanuliwa, kitupu.

"Kwa nini miaka kumi na minne?"

"Mwanangu wa kiume alifia hapa. Mwaka ule ule kiwanda kilipofungwa. Tulimzika makaburi ya mtaani kwetu. Mama yake huenda kila Jumamosi kufagia kaburi." Mzee aligeuka kutazama dirishani. "Hana mtoto mwingine. Kaburi ndilo alilobaki nalo."

"Pole sana, mzee wangu."

"Nimeshapoa."

Hakuwa amepoa, hata mtoto mchanga angeliona hilo.

*

Daktari wa maiti hakupenda maneno mengi, ndiyo maana yeye na Inspekta walielewana.

"Alianguka, kweli. Fuvu limepasuka kisogoni. Lakini hakufa papo hapo."

"Aliishi muda gani?"

"Saa moja. Labda na nusu. Damu ilivuja ndani taratibu. Nakadiria alikata roho kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu jioni."

"Angewahishwa hospitali?"

"Huenda angepona." Daktari aliinua mkono wa marehemu. "Na tazama hapa, juu ya viwiko. Michubuko ya vidole, mikono yote miwili. Kuna mtu alimshika kwa nguvu."

Kituoni, dada wa marehemu alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Alikuwa mshonaji. Bado alikuwa na pini mbili kwenye ukosi wa blauzi, hakukumbuka kuzitoa.

"Nimesikia mkuu wako akisema ajali," alianza, bila salamu.

"Mkuu wangu husema mengi."

"Nilimlea mimi. Mama alipofariki alikuwa na miaka saba. Ameingia kwenye migodi iliyofungwa, ameingia kwenye maghala yaliyoungua, amepanda minara mibovu kupiga hizo picha zake. Anatembea na fimbo, afande. Anaipima sakafu kwanza ndipo akanyage. Yule haanguki hivi hivi."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Hapana. Lakini wiki iliyopita alirudi amekosa raha. Alisema amekuta karatasi kwenye ofisi za kile kiwanda. Akasema kuna mama mmoja anadanganywa, na yeye hawezi kunyamaza."

"Mama gani?"

"Hakuniambia." Dada akamtazama usoni. "Niambie alivyokufa. Hata kama ni vibaya, niambie. Usinipunguzie chochote. Nitaweza kuishi na jambo baya, lakini jambo nisilolijua litaniua."

Inspekta aliahidi. Hakuwa na kawaida ya kuahidi wafiwa, na alijua kwa nini, lakini aliahidi.

Mkuu wa kituo alikuwa mlangoni kwake, saa mkononi. "Jengo bovu, mtu mzembe. Andika ajali tufunge jalada."

"Nipe mpaka jioni, mkuu."

"Jioni, basi. Si kesho."

*

Waliziangalia picha kwenye kompyuta ya Sajenti, moja baada ya nyingine, kila moja na saa yake pembeni.

Marehemu alijua kazi yake. Kreni iliyoganda angani na ndoano yake. Viatu vya kazi vilivyoachwa mlangoni, jozi kwa jozi. Kutu iliyomomonyoka kwenye mabomba. Kiwanda kizima kilikuwa kimekufa, naye alikipiga picha kwa heshima, mithili ya jamaa aliyekuja kuaga.

"Simama hapo," Inspekta alisema.

Saa kumi na dakika tano alasiri. Ubao wa misumari arobaini. Misumari yote mitupu. Namba ishirini na saba pia.

"Kumbe kibati kilitundikwa baadaye," alisema Sajenti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisahau chai.

Picha iliyofuata, saa kumi na dakika ishirini na mbili, ilipigwa kutoka juu ya jukwaa. Ilionyesha donge la chuma, kubwa kama kabati la nguo, limekaa peke yake ng'ambo ya shimo. Kiwanda chote kilikuwa kimejaa vumbi la kufika kwenye kifundo cha mguu. Kulizunguka lile donge, sakafu ilikuwa imefagiwa. Kando yake palikuwa na kigoda.

Hiyo ndiyo ilikuwa picha ya mwisho.

"Rudi mwanzo. Za wiki iliyopita."

Waliikuta karatasi. Ilikuwa imepigwa picha juu ya meza ya ofisi, kona moja imeliwa na panya. Taarifa ya ajali. Mfanyakazi namba hamsini na nane, mtoto wa msimamizi wa tanuri. *Aliteleza kutoka kwenye jukwaa na kuangukia ndani ya ndoo ya chuma kilichoyeyuka. Mwili haukupatikana.*

Inspekta aliisoma mara mbili.

"Mwili haukupatikana," alisema polepole. "Na mzee ameniambia walimzika."

*

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kiwanda, palikuwa na karakana ya fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti na vyuma vya madirisha, na kabla ya hapo alikuwa amekitumikia kiwanda miaka kumi na mmoja. Aliinua miwani yake ya kazi, akaitazama picha ya kibati kwenye simu ya Inspekta, na tabasamu la kukaribisha wateja likafifia.

"Hii imepigwa lini?"

"Leo asubuhi."

"Haiwezekani. Siku ya mwisho kila mtu aliondoka na kibati chake."

"Vilikuwa vya kazi gani?"

"Sheria ya shimo. Ukifika chini ya ngazi, hupigi hatua nyingine mpaka utundike kibati chako. Yule wa juu, mwenye kuendesha kreni, anatazama ubao. Akiona kibati kimoja tu, haigusi mashine. Ukitoka unachukua chako. Kugusa cha mwenzako ni kufukuzwa kazi, hakuna mjadala."

"Ishirini na saba kilikuwa cha nani?"

Fundi alitazama mikono yake. "Afande, huwezi kumuuliza mtu mwingine?"

"Naweza. Atanipa jibu lile lile, na wewe nitakuwa nimekuandika kwamba ulinificha."

"Mzee Tanuri," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa msimamizi wetu."

Sajenti alishindwa kujizuia. "Haingii akilini! Mtu aende kwenye shimo lenye mtu aliyemuumiza, halafu akatundike kibati chake kama anayeingia zamu?"

"Bwana mkubwa," fundi alisema, "mimi nikiingia kwenye tangi la maji nyumbani kulisafisha, mke wangu hunicheka. Mkono wangu bado unatafuta msumari. Hautuulizi sisi, unakwenda wenyewe."

"Haya, na kwa nini hakukichukua alipotoka?" aliuliza Inspekta.

"Alitoka peke yake?"

"Peke yake."

"Basi hakuwa na ruhusa." Fundi alilisema hilo bila kufikiri, kama anayetaja jina lake. "Kibati cha msimamizi hakitoki mpaka mtu wa mwisho atoke shimoni. Aliyetufundisha ni yeye. Aliwahi kumchapa mtu kofi kwa ajili hiyo."

"Na lile donge la chuma?"

Fundi akateremsha miwani, uso ukapotea. "Hilo usiniulize, afande. Tuliapa wote."

*

Inspekta hakwenda kibandani. Aliingia kiwandani kwa mlango wa nyuma, akazunguka shimo, akaketi juu ya kile kigoda, kando ya donge. Miale ya jua la alasiri ilipenya kwenye matundu ya paa. Alimtuma Sajenti akamwite mzee.

Walikuja taratibu. Mzee alipomwona ameketi pale, akaacha mwendo wa taratibu, akaja mbio na miguu yake mibovu.

"Inuka! Inuka hapo! Hapo hapakaliwi!"

Inspekta akainuka. "Kwa nini hapakaliwi, mzee wangu?"

Mzee alikishika kigoda, akakifuta kwa mkono wa shati.

"Ni yeye, sivyo? Mwanao yumo humu."

Njiwa walirukaruka huko juu kwenye kreni.

"Huna lazima ya kusema lolote," Inspekta alimwambia. "Ukisema, litaandikwa na linaweza kutumiwa mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nimekuta kibati chako. Saa kumi na dakika tano jana msumari ulikuwa mtupu, nina picha. Leo asubuhi kilikuwepo. Uliniambia miaka kumi na minne hujashuka."

Mzee aligusa mshipi wake, akatafuta kwenye rundo la funguo. Vidole vikakuta kipete kitupu. Alikitazama kama mtu aliyeoneshwa mkono wake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Sikumbuki kukitundika," alisema. "Naapa, mwanangu, sikumbuki."

Kisha akaketi sakafuni, mgongo umeegemea donge, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Wenye kiwanda walitaka kuliuza. Chuma ni chuma, walisema. Tukaweka zana chini, watu mia mbili, mpaka wakatuachia. Lakini mama yake ningemwambia nini? Kwamba hakubaki hata ukucha? Tukatafuta jeneza. Tukalijaza vipande vya chuma vilivyoweza kufika uzito wake, tukalipigilia. Nikamwambia ameungua, usimwone, mkumbuke alivyokuwa. Akakubali. Akapata kaburi lake. Nami nikaomba kazi ya ulinzi, nipate kukaa na huyu."

"Mpigapicha akaiona karatasi."

"Alikuwa mtu mzuri. Hilo ndilo linalonitafuna. Jana alinihadithia yote, pale juu, kwa upole. Akasema mama ana haki ya kujua. Akasema kesho yake atakwenda kwangu, nisipomwambia mimi atamwambia yeye. Nilimshika mikono, nikamsihi. Nikamwambia utamuua mke wangu. Akasema, 'Mzee, uongo huu umekuzeesha.' Nikamsukuma." Mzee aliufunika uso. "Sikutazama ukingo. Mimi! Miaka ishirini nikiwakemea watu kwa ajili ya ukingo ule."

"Ukashuka."

"Nikashuka."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Alisema nini?"

Mzee aligeuka kulitazama shimo.

"Alisema, 'Mzee, piga simu.'"

"Simu yako ilikuwa wapi?"

"Mfukoni."

"Mbona hukupiga?"

"Angepona, angesema."

Inspekta alisikia hasira ikimpanda. Kusukuma mtu ni jambo la kufumba na kufumbua. Angeweza hata kumhurumia. Lakini saa nzima! Saa nzima simu imo mfukoni.

"Nilimshika mkono mpaka mwisho," mzee alisema. "Nilimwekea gunia."

"Usinieleze habari za gunia, mzee. Dada yake atataka kujua, na mimi ndiye nitakayemwambia. Nitamwambia kuhusu simu."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Aliinuka mwenyewe, akatoa mikono mbele, akafungwa pingu. Kisha akauliza swali alilokuwa nalo tangu asubuhi.

"Ametoka? Shimoni?"

"Ametoka saa tatu."

"Na kibati?"

"Kilitolewa baada yake."

"Vyema," alisema Mzee Tanuri, na kwa hakika alionekana amepata nafuu kidogo.

*

Mkewe walimkuta langoni, na kikapu cha chakula mkononi, kama kila jioni. Alikuwa mwanamke mfupi, aliyejifunga kitambaa kichwani. Aliziona pingu. Kikapu hakikumwanguka, alikiweka chini, akakinyoosha kisipinduke.

"Mama watoto," mzee alisema. "Kuna jambo nililokuficha."

"Usiseme hapa, mzee," Inspekta alijaribu.

"Acha nimwambie. Kwenye kaburi, mama watoto... kwenye lile kaburi..."

"Hamna mtu," alisema mkewe.

Sajenti, aliyekuwa akifungua mlango wa gari, akaganda.

"Wanaume sita walilibeba lile jeneza," mama aliendelea, akimtazama mumewe peke yake. "Walipoliteremsha liliinama upande mmoja, vitu vikateremka ndani, vikagongana. Chuma kwa chuma. Nilisikia. Nilimbeba mwanangu tumboni na mgongoni, baba. Mwanangu hagongi hivyo."

"Ulijua?" Mzee aliuliza. "Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na kila Jumamosi? Ukaenda, ukafagia, miaka yote hii?"

"Ulikuwa ukinitazama nikiondoka na ufagio, roho yako inatulia. Nilikuwa naiona ikitulia. Ningefanyaje?" Alitoa mkono, akamfuta mumewe vumbi la donge begani. "Nilikwenda ili usijue kwamba najua."

Mzee Tanuri alimtazama mkewe, kisha akaligeukia jengo, lile paa lenye matundu, kule liliko shimo. Midomo yake ilikuwa ikitafuta neno.

"Kwa hiyo yule mwenye kamera..." alisema, akashindwa kumaliza.

Inspekta alimshika kichwa asigonge paa la gari, akamwingiza ndani, akafunga mlango. Kisha akatoa simu yake mfukoni akampigia dada wa marehemu, mshonaji, aliyeomba asipunguziwe chochote.